Maziwa ya shuleni: kuyapokea, kuyachemsha na kuyagawa kabla hayajakatika

Anzeni na hesabu. Wanafunzi 300 wakinywa mililita 200 kila mmoja ni lita 60. Ongezeni lita 3 za kumwagika na za kupungua jikoni.

Maziwa ya pakiti ya muda mrefu ndiyo rahisi kwa shule isiyo na jokofu. Yanakaa stoo bila baridi hadi tarehe iliyoandikwa, mradi pakiti haijatoboka wala kuvimba. Angalieni nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Yale ya pakiti yanayotakiwa kukaa kwenye baridi, nyuzi 4 hivi, msiyanunue kama hamna pa kuyaweka.

Maziwa mabichi kutoka kwa mfugaji wa Kibamba au Chanika yanataka umakini zaidi, kwa sababu joto la Dar es Salaam halisubiri foleni ya barabarani. Yafike mapema baada ya kukamuliwa, kwenye keni ya alumini au chuma cha pua. Dumu la plastiki likataeni: mikwaruzo ya ndani huficha vijidudu na mdomo wake haupitishi mkono wa kusugua.

Kabla ya kumimina, chemsheni kijiko kimoja cha maziwa kutoka kila keni. Yakikatika, keni hiyo irudi. Kisha pimeni kama yameongezwa maji kwa laktomita, kifaa kinachoelea kwenye maziwa kuonyesha uzito wake. Maziwa halisi husoma kati ya 26 na 32 yakiwa na nyuzi 20, lakini hapa yanafika yakiwa na nyuzi 28 au 29, na joto hushusha kipimo. Ongezeni 0.2 kwa kila nyuzi inayozidi 20. Laktomita ikisoma 25 kwenye nyuzi 29, jibu ni 26.8, na mfugaji hajaongeza maji. Wengi hudhulumiwa hapo.

Chemsheni hadi yapande, mkikoroga mpaka chini ya sufuria yasiungue. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na brusela (ugonjwa wa homa utokao kwa mifugo), kwa hiyo “kupasha moto” tu hakutoshi. Gaweni yangali moto, mapumziko ya saa 4 asubuhi. Yaliyobaki msiyaweke hadi kesho.

Wiki ya kwanza toeni mililita 100. Mtoto asiyezoea maziwa huweza kujaa gesi au kuharisha, na mzazi atadhani yamechacha. Anayeendelea kuumwa tumbo mpeni mtindi kidogo. Mwenye mzio wa maziwa asipewe kabisa.

Maziwa yana protini na kalsiamu nyingi, ila madini ya chuma ni haba. Maharage na mchicha wa mchana vibaki palepale.

Keni suuzeni kwanza kwa maji baridi. Ya moto yakitangulia, protini hugandia kwenye chuma. Ndipo sabuni na maji ya moto, kisha maji yanayochemka, halafu zipinduliwe juani zikauke.