SOMO: Namna ya kupata filamu za zamani za nje kihalali kwa ajili ya maktaba

Wakuu, salaam. Kila mara napokea ujumbe uleule kutoka kwa wakutubi wa shule na vyuo hapa Dar: "Tunatafuta filamu fulani ya zamani, tuipakue wapi?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Pata jina la filamu kwa lugha yake ya asili, mwaka na mwongozaji.

Hatua ya 2. Amua matumizi: kuazimisha, kutazamwa ndani ya maktaba, au kuonyesha ukumbini. Kununua diski hakukupi haki ya kuionyesha hadharani.

Hatua ya 3. Tafuta mwenye haki KABLA ya kutoa hela. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Wanadhani filamu ikizeeka inakuwa ya wote. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inailinda filamu miaka 50, India miaka 60. Marekani filamu za zamani huhesabiwa miaka 95, ndiyo maana za 1929 zimekuwa huru Januari 2025. Ulaya wanahesabu miaka 70 tangu afariki wa mwisho kati ya mwongozaji, waandishi na mtunzi wa muziki. Kwa hiyo filamu inaweza kuwa huru kwetu huku kwao bado ina mwenyewe, na nakala safi anayo yeye. Mara nyingi kampuni iliyoitengeneza ilishakufa, haki zikauzwa vipandevipande kwa nchi.

ONYO: anayemiliki haki za Ulaya si lazima awe na za Afrika. Usimlipe mtu mpaka mkataba uitaje Tanzania, matumizi na muda.
ONYO la pili: filamu ikiwa huru, tafsiri mpya iliyoandikwa chini ya picha inaweza kuwa na mwenyewe.

Hatua ya 4. Mwandikie mwenye haki. Taja idadi ya viti, tarehe, na kama kuna kiingilio. Ukiionyesha hadharani, Bodi ya Filamu nayo ihusishwe.

Hatua ya 5. Angalia kwenye kasha namba ya eneo, yaani sehemu ya dunia ambayo diski imetengenezewa; mashine ya eneo jingine huweza kuikataa. DVD zetu ni namba 5, za Uingereza namba 2, za Marekani namba 1. Kwa Blu-ray, sisi na Uingereza wote ni B, kwa hiyo Blu-ray ya kule inacheza hapa hata kama DVD yake inagoma.

Hatua ya 6. Risiti na barua ya ruhusa, faili moja.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Ndefu sana mkuu. Si nawasha tu Netflix yangu kwenye projekta?
Jibu: Akaunti hiyo ni ya matumizi binafsi, na masharti uliyakubali ulipojiunga. Soma hatua ya 2.

Mdau wa Mbagala: Basi Kariakoo, flashi moja filamu kibao.
Jibu: Hapana. Mkaguzi akiuliza zimetoka wapi, utamwonyesha nini?

Mwalimu wa chuo: Kaka, nafundisha filamu za Afrika Magharibi, namtaka Sembène, yule mwongozaji wa Senegal. Nianzie wapi?
Jibu: Dada, umeuliza jambo la maana. La Noire de... ya 1966 imeshakarabatiwa kupitia World Cinema Project, mradi wa Film Foundation, taasisi ya Marekani ya kuhifadhi filamu, kwa hiyo mwenye haki anajulikana. Hao hao, pamoja na FEPACI (shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika) na UNESCO, wana mradi wa urithi wa filamu za Afrika tangu 2017, fuatilia orodha yao. Pita pia Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa: Institut français, taasisi ya utamaduni ya Ufaransa, wana IFcinéma, huduma yao ya filamu kwa maonyesho yasiyo ya biashara kwenye vituo vyao na washirika wao. Kwa za Kijerumani, Goethe-Institut, kituo cha utamaduni wa Kijerumani. Inauma kwamba filamu ya Dakar tunaifuata Ulaya, lakini omba, usikate tamaa. Ukikwama kwenye barua, nitumie nikusaidie kuiandika.

Mzee wa Upanga: Nina kanda za VHS za filamu za Kihindi, halisi. Maktaba itazipokea?
Jibu: Shikamoo mzee. Peleka, kanda halisi ni zawadi halali. Kuzihamishia kwenye kompyuta ndiko kunakohitaji ruhusa.

Mdau wa Tegeta: Zangu zina ukungu mweupe.
Jibu: Usizitie kwenye deki, zitachafua hedi (kichwa kinachosoma kanda) na kuambukiza nyingine. Zitenge, zisimamishe wima pakavu, mbali na ukuta wenye unyevu. Kusafisha mpe fundi anayejua kanda.