Majani ya Kumlisha Kobe: Yatambue Mmea kwa Mmea

Wafugaji wengi humnunulia kobe spinachi na kabichi sokoni, ilhali chakula kinachomfaa kimeota uani. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, kwa asili ni wala nyasi, na kobe wa madoa wa bara vivyo hivyo. Basi ukoka uwe ndio mlo wenyewe. Magugu ya majani mapana yawe nyongeza.

Katika magugu hayo mimi huanza na mchunga: ua dogo la manjano, jani chungu lililochanika pembeni na kukumbatia shina, na utomvu mweupe ukilikata. Hapo ndipo watu hukosea. Wameambiwa kila mmea wenye maziwa ni sumu, wanautupa mchunga. Mnyaa nao una maziwa, na hayo huunguza macho na kinywa. Kwa hiyo utomvu peke yake hauamui. Tazama jani, ua, shina na tunda kwa pamoja. Wala usiseme mbuzi kala, basi kobe naye ale.

Kishona nguo kichanga, maua ya haibiskasi na mpungate ulioondolewa miiba yote ni salama. Mchicha pori na tako la hasani toa kidogo tu. Vina oksalati, kemikali inayozuia kalsiamu isiingie mwilini, na kobe akikosa kalsiamu gamba hulainika. Mwachie mfupa wa dome, yule wa baharini wa jamii ya ngisi, autafune apate kalsiamu.

Uangalifu mkubwa uwe kwa mnanaha, mmea wenye sumu, kwa sababu huota jalalani na penye samadi, palepale penye mchicha pori. Jani lake lina meno makubwa yasiyo sawa na hunuka ukilifikicha. Ua ni kama tarumbeta, tunda lina miiba. Mbarika, utupa na lantana pia ni sumu, usivikate kabisa. Majani mazuri yaliyo kando ya barabara, au kwenye shamba lililopuliziwa dawa, nayo yaache.

Kobe wa porini usimwokote: Kenya na Tanzania kumfuga kunahitaji kibali.

Mmea mpya mpe peke yake, kiasi kidogo, kisha angalia kinyesi siku zinazofuata. Akitoa povu au miguu ikilegea, mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na tawi la mmea huo, likiwa na ua au tunda lake.