Jinsi ya kukadiria kikomo chako cha kupunguza mafuta mwilini

Swali la "nitapungua kilo ngapi kwa mwezi?" limejibiwa hapa mara nyingi mno, kwa hiyo naandika somo hili ili kila mmoja ajikokotolee mwenyewe. Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18 na anayetumia dawa za kisukari waanzie kwa daktari.

1. Jipime uzito asubuhi kabla ya kula.

2. Kadiria asilimia ya mafuta. Hapa ndipo hesabu za wengi huharibika. Mizani ya umeme huyumbishwa na maji yaliyomo mwilini, basi usishike namba ya siku moja. Ilinganishe na kipimo cha utepe kiunoni kwa wiki kadhaa. Ukipata makadirio mawili, chukua lililo dogo, kwa sababu ukijihesabia mafuta usiyo nayo utajinyima chakula kupita kiasi, na misuli ndiyo itakayoliwa.

3. Zidisha kilo za mafuta kwa 69. Kadirio lililochapishwa mwaka 2005, kutokana na takwimu za jaribio la njaa la Minnesota, Marekani, la 1944 na 1945 (watu waliojitolea walilishwa chakula kidogo kwa miezi), ni kwamba kilo moja ya mafuta huweza kuupa mwili takriban kilokalori 69 kwa siku. Mwenye kilo 80, robo yake ikiwa mafuta, ana kilo 20 za mafuta, na ukomo wake ni upungufu (tofauti kati ya unachotumia na unachokula) wa kilokalori 1,380 kwa siku. Usiukaribie. Nashauri nusu yake, 690, yaani kama kilo 0.6 kwa wiki, kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili ina kilokalori 7,700 hivi.

4. Rudia hesabu kila mwezi. Mafuta yakibaki kilo 12, ukomo hushuka hadi 828.

Swali: Nataka kupunguza kilo 10 kwa wiki mbili, nina harusi. Nifanyeje?

Jibu: Soma hatua ya 3. Hizo ni kilokalori 5,500 kila siku, zaidi ya watu wengi wanavyotumia kwa siku nzima. Kupungua kwa kasi pia huongeza hatari ya mawe ya nyongo.

Swali: Mbona wiki ya kwanza nilipungua kilo 3 nikiwa ndani ya kikomo?

Jibu: Umeuliza vizuri. Wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli hushikilia maji, takriban gramu 3 kwa kila gramu moja, na ukila kidogo vyote viwili hutoka. Anza kupima mwenendo wako kuanzia wiki ya tatu.

Swali: Na mafuta ya kupikia nayahesabuje?

Jibu: Yapime kwa kijiko cha chakula badala ya kumimina kutoka kwenye chupa, kijiko kimoja kina karibu kilokalori 120.