Blenda ifike nzima: kufungasha vyombo vya umeme vya jikoni kwa safari ya ndege

Hatua ya 1. Kabla hujagusa begi, igeuze blenda kichwa chini usome kibandiko. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Kama kimeandikwa 220–240V na mwanao yuko Marekani au Kanada, ambako ni volti 120, iache Dar. Birika la wati 2000 likichomekwa kule linatoa kama wati 540 tu. Maji yatachemka hamu ya chai imeshakwisha. Uingereza haina taabu, hata plagi ni ile ile ya pini tatu bapa.

Hatua ya 2. Osha siku moja kabla, uache ikauke. Toa na ule mpira wa chini ya kisu, ndiko maji hujificha.

Hatua ya 3. Tenganisha jagi na mota. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Blenda ya kwanza niliyomfungashia shangazi niliamini boksi la dukani, nikalipiga selotepu lilivyotoka Kariakoo. Kufika Mwanza, mota nzima, jagi vipande. Boksi lenyewe halikuwa na hata mkunjo. Mota ndiyo iliyolipiga jagi, njia nzima.

Siku hizi natumia doti moja ya kanga. Jagi nalijaza soksi mpaka zisicheze, kisha nalizungushia kanga ya kwanza. Mkunjo mnene unakaa mdomoni na kwenye mkono wake, maana mkono ndio hukatika kwanza. Kanga ya pili inavaa mota. Waya ukunje kwa kulegeza, pini za plagi zielekee ndani ya kitambaa zisikwaruze. Mota ilaze upande wa magurudumu, kwa sababu begi likisimama uzito wote unashuka huko. Jagi liweke katikati, na nguo baina yao, unene wa kiganja. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata ingekuwepo, mfuko hauvaliki. Kanga mwenyeji wako ataifunga siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4. Kisu kifungue, kikunjie karatasi ngumu ya boksi, kiende kwenye begi kubwa. Mbuzi ya kukunia nazi nayo huko huko. Ndiyo, wapo wanaotaka kupanda nayo mkononi.

Hatua ya 5. Pawabenki ibaki kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye begi la chini. Ile blenda ndogo ya kuchaji ina betri na kisu pamoja, kwa hiyo waulize shirika lako kabla. Wakikuruhusu kuiweka begi kubwa, izime kabisa na ukinge kitufe kisibonyezeke.

Hatua ya 6. Tikisa begi. Ukisikia kitu kinagonga, fungua uanze upya. Usilizungushie selotepu begi zima: kwenye eksirei mota ni donge jeusi la shaba na chuma, wakaguzi wakitaka kuliona wafungue bila kukata.

Hatua ya 7. Pima. Tiketi nyingi za kimataifa za daraja la kawaida ni kilo 23 kwa begi, ila soma yako. Mizani ya kuning'iniza inakutosha nyumbani. Pale kaunta ya Terminal 3, uwanja wa ndege wa Dar, foleni ikiwa nyuma yako, si mahali pa kuanza kutoa soksi ndani ya jagi.