SOMO: Zabuni za Jiji la Tanga, tangu kujisajili mpaka kulipwa

Habari zenu ndugu zangu. Kila wiki napokea swali lile lile: "Mama, zabuni za Jiji zinatoka wapi, na nimwone nani?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, tena nusunusu, halafu mtu anakosa kazi kwa jambo ambalo angelijua mapema lisingemkwamisha. Naandika mara moja hapa, na kuanzia leo akiuliza mtu nitamwelekeza hapa. Mimi nasambaza vifaa vya ofisi na vya usafi, kwa hiyo mifano yangu itaegemea huko, lakini hata fundi na mama lishe anapita njia hii hii.

La "nimwone nani" nalijibu kabisa: hakuna wa kuonwa. Tangu Oktoba 2023 ununuzi wa taasisi za umma unapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni ulio chini ya PPRA (mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma), na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 imeukazia. Diwani hakai kwenye Bodi ya Zabuni. Mkurugenzi wa Jiji ndiye Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za Jiji, kitengo cha ununuzi kinaandaa, Bodi inaidhinisha. Anayekwambia "nipe kidogo nikupenyeze" anakula hela yako tu, na wewe uliyetoa unaweza kufungiwa zabuni za umma nchi nzima.

Diwani ana kazi yake, na ni kubwa, ila iko mbele zaidi. Baraza la Madiwani ndilo linalopitisha bajeti kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1, na kinachotangazwa kinatoka humo. Mikutano ya kawaida ya Baraza ni kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kukaa akasikiliza. Nendeni! Ukisikia kata fulani imetengewa madarasa, jua madawati yanafuata, na milango, na rangi. Mwenzako atakuja kuyaona hayo kwenye tangazo, wewe umeshapiga simu kuulizia bei ya mbao.

Hatua ya 1. TIN (namba ya mlipakodi), usajili wa BRELA (wanaosajili majina ya biashara na kampuni), leseni ya biashara iliyo hai, namba ya NIDA. Majina yafanane kote, herufi kwa herufi.

Hatua ya 2. Jisajili nest.go.tz. Tumia barua pepe yako na namba yako ya simu. Naona watu Ngamiani wanafunguliwa akaunti na kijana wa steshenari kwa barua pepe ya yule kijana. Siku akihama mji, amehama na biashara yako.

Hatua ya 3. Mfumo utakuuliza unafanya biashara za aina gani. Chagua zile ambazo leseni yako inazibeba, na uzikamilishe sasa, si siku ya tangazo. Usiposajiliwa kwa aina hiyo huwezi kuomba zabuni yake. Makandarasi, hapa ndipo usajili wa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) na daraja lako vinapoingia.

Hatua ya 4. Soma mpango wa ununuzi wa mwaka wa Jiji, umo humo humo. Andika pembeni vinavyokuhusu na robo vilivyopangiwa.

Hatua ya 5. Zabuni ikitoka, soma nyaraka yote. Angalia chanzo cha fedha, kama ni ruzuku ya serikali kuu au mapato ya ndani ya Jiji, maana hapo unapima utasubiri malipo kwa subira gani. Angalia dhamana, yaani kinga ya Jiji ukishinda halafu ukakataa kazi: wanataka dhamana ya benki, au tamko la dhamana ambalo unasaini tu? Kama una swali, liulize ndani ya mfumo kabla muda wa maswali haujafungwa. Jibu la mdomo la karani halina nguvu.

Hatua ya 6. Jedwali la bei. Tulieni hapa. Zabuni nyingi zinafia hapa, na nyingine ni afadhali zingekufa, kwa sababu mtu anashinda halafu anaangamia.

Kwanza, kipimo. Jedwali lina safu ya kipimo: rimu, katoni, lita, dazeni. Soma kila mstari, usikariri. Tuseme Jiji linataka karatasi za A4 katoni 200. Katoni moja ina rimu 5. Rimu unauza Sh 12,000, kwa hiyo katoni ni Sh 60,000 na mstari mzima ni Sh 12,000,000. Ukiingia na kichwa cha duka ukaandika 12,000, mstari unakuwa Sh 2,400,000. Umekuwa wa bei ya chini kuliko wote na unaweza kupewa. Sasa ama ulete mzigo wa milioni kumi na mbili kwa milioni mbili na laki nne, ama ukatae na lile tamko ulilosaini likufuate. Ukikosea upande wa pili, kwenye rimu ukaweka bei ya katoni, bei yako ni mara tano ya haki yake na huna chako. Kosa la namna hii hulipati kwa kutazama jumla, unalipata kwa kurudia mstari mmoja mmoja. Mpe mtu mwingine nyumbani akusomee kwa sauti wewe ukiangalia orodha za bei ulizokusanya dukani.

Pili, mahali pa kufikisha. "Bohari ya Jiji" na "shule husika" ni bei mbili tofauti. Kama orodha ya shule ina Chongoleani, Kirare na Pongwe, huo ni usafiri wa pande tatu za mji, na makuli wa kushusha kila kituo.

Tatu, fedha ya kusubiria. Chukua zile katoni 200. Umenunua rimu kwa Sh 11,000, faida yako ni Sh 1,000 kwa rimu, yaani Sh 1,000,000 kwa rimu 1,000. Mtaji ni Sh 11,000,000, na kati ya huo Sh 9,000,000 umekopa kwa riba ya 3% kwa mwezi, ni Sh 270,000 kila mwezi. Malipo yakichukua miezi mitatu, riba imeshakuwa Sh 810,000. Wakati wa kulipwa utakatwa kodi ya zuio 2% kwa bidhaa (huduma ni 5%), hapo ni Sh 240,000 nyingine. Hesabu: umeshapita ile milioni kabla hujalipia gari. Hiyo kodi ya zuio haijapotea, inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, kwa hiyo dai cheti chake ukitunze. Lakini siku ya malipo hela haiko mkononi.

Nne, VAT. Kama umesajiliwa, hakikisha unajua jedwali linataka bei yenye VAT ya 18% au isiyo nayo. Kama hujasajiliwa, usiiongeze.

Ukimaliza yote hayo na bei inakuja juu, iache ije juu. Usishushe kwa hofu ya washindani. Kukosa zabuni kunauma wiki moja, kushinda kwa bei mbaya kunafunga duka.

Hatua ya 7. Tuma siku mbili kabla. Muda ukifika mfumo unajifunga wenyewe, haujui kama umeme umekatika Makorora.

Hatua ya 8. Baada ya tathmini waombaji hupewa notisi ya kusudio la kutoa tuzo. Isome. Kama hukuridhika, una siku 5 za kazi kupeleka malalamiko kwa Afisa Masuuli, kwa maandishi, na sababu. Usiporidhika na majibu unakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Siku zikipita, haki imepita.

Hatua ya 9. Saini mkataba au pokea LPO (hati ya agizo la kununua) ndipo upeleke mzigo. Narudia: usipeleke hata kalamu kwa agizo la simu, awe amepiga nani. Mzigo unakaguliwa na kamati ya ukaguzi na mapokezi. Ondoka na hati ya mapokezi iliyosainiwa, ndipo utoe ankara na risiti ya EFD. Bila ile hati, madai yako hayana miguu.

Maswali karibuni.

---

Fundi Kange: Shikamoo mama. Nina daraja la saba CRB, majengo. Nimesubiri zabuni za barabara za mitaa huku Mabawa, Jiji halitangazi kabisa. Au zinafichwa?

Mama Vifaa: Marahaba mwanangu. Hazifichwi, unatazama mlango usio wake. Barabara za mitaa ziko TARURA tangu 2017, na barabara kuu ni TANROADS. Maji ni Tanga UWASA. Kila mmoja ni mnunuzi wake peke yake ndani ya NeST, ana mpango wake wa mwaka, kwa hiyo wasome wote. Jambo la pili: usajili wako ni wa majengo, barabara ni kazi za kihandisi, usajili mwingine. Usipoteze muda kuomba kabla hujaupata. Kwa daraja lako angalia ukarabati wa zahanati, vyoo vya shule, nyumba za watumishi. Na kazi nyingi za madarasa zinakwenda kwa force akaunti, yaani kamati ya ujenzi inanunua vifaa na kutafuta fundi wa kulipwa ufundi wake tu. Jitambulishe kwa shule na ofisi za kata zilizo karibu nawe wajue upo.

Fundi Kange: Nimeelewa mama, Mungu akuzidishie. Kwenye force akaunti vifaa nani anauza?

Mama Vifaa: Swali zuri sana. Wenye maduka ya vifaa waliosajiliwa. Mwenye duka la saruji na nondo asidhani zabuni ni za makandarasi pekee.

Dula wa Raskazone: Mambo. Naomba link na utaratibu.

Mama Vifaa: Vyote vipo juu.

Dula wa Raskazone: Nielezee kwa kifupi tu basi, ni ndefu.

Mama Vifaa: Hapana. Nyaraka ya zabuni ni ndefu kuliko hii mara nyingi, na hakuna atakayekufupishia. Soma, ukikwama mahali niambie umekwama hatua ya ngapi.

Ushonaji Makorora: Asalaam alaykum dada. Sisi ni kikundi cha akina mama, tunashona sare. Tulisikia kuna asilimia za wanawake, tukaenda tukaambiwa ni mkopo. Sasa ni mkopo au ni kazi?

Mama Vifaa: Waalaykum salaam dada yangu. Ni vitu viwili na watu wanavichanganya kila siku. Kuna 10% ya mapato ya ndani ya halmashauri, huo ndio mkopo usio na riba: 4% wanawake, 4% vijana, 2% watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024. Halafu kuna 30% ya ununuzi wa taasisi za umma, inayotengwa kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Hiyo ya pili ni kazi, si mkopo, na mnashindana na makundi wenzenu, si na makampuni makubwa. Zote mbili mlango ni mmoja: Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Mwambieni kwa maneno haya haya, "tunataka kuingizwa NeST kama kundi maalumu." Msiseme "tumekuja kwa zile asilimia", mtapelekwa kwenye mkopo tena. Na katiba ya kikundi iseme wazi nani anasaini.

Ushonaji Makorora: Na tukipata kazi hatuna mtaji wa vitambaa?

Mama Vifaa: Hapo ndipo ule mkopo una maana, mna LPO mkononi mnajua hela inarudi wapi. Niandikie mkifika kwenye jedwali la bei, tutalipitia pamoja bila malipo.

Mkweli 21: Unawadanganya watu. Zabuni wanapeana, NeST ni geresha.

Mama Vifaa: Watu wangapi niwadanganye ili nipate nini? Wengine tunauza na tunalipwa. Sisemi hakuna maovu. Ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huandika kila mwaka kuhusu ununuzi wa halmashauri, zisome. Nasema una siku 5 za kazi za kulalamika kwa maandishi. Wewe ulilalamika wapi, kwa notisi ipi?

Mkweli 21: Sikuomba, najua tu.

Mama Vifaa: Basi tumemaliza.

Hesabu Chumbageni: Shikamoo. Niliomba usafi wa ofisi, bei yangu ilikuwa ya chini kwenye orodha ya ufunguzi, akapewa wa pili. Hiyo si sababu ya kulalamika?

Mama Vifaa: Marahaba. Inategemea. Bei inatazamwa mwisho. Kwanza wanaangalia kama nyaraka zimetimia, halafu masharti ya kitaalamu, ndipo bei ya waliobaki. Angalia sababu waliyokuandikia.

Hesabu Chumbageni: Wameandika hati ya uwakili, ile inayompa mtu mamlaka ya kusaini zabuni, haikushuhudiwa.

Mama Vifaa: Ni kweli haikushuhudiwa?

Hesabu Chumbageni: Nilisaini mimi na mwenzangu tu.

Mama Vifaa: Basi wako sahihi, ilitakiwa mhuri wa wakili. Safari ijayo itengenezeni mapema. Ila umeuliza kwa ushahidi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Duka la Nguvumali: Naongezea kidogo: msipige picha nyaraka kwa simu usiku chini ya taa ya njano. Namba ya TIN haisomeki. Pelekeni kwenye skana.

Mama Vifaa: Ahsante kaka, hilo nililisahau.

Fundi Kange: Mama, benki zinasema zinakopesha kwa LPO. Nichukue?

Mama Vifaa: Zipo zinazokopesha. Kabla hujasaini, waulize mambo matatu: riba inahesabiwa kwa mwezi au kwa mkataba mzima, malipo ya Jiji yakichelewa inakuwaje, na kama akaunti ya kupokelea malipo lazima iwe kwao. Na hilo la mwisho lina jingine linalolifuata: namba ya akaunti iliyoko kwenye mkataba ndiyo Jiji litakayolipa. Ukibadilisha benki katikati, lijulishe Jiji kwa barua kabla hujapeleka ankara.