Kufua kisu cha matabaka Nakuru kwa mtindo wa panga za Japani

Mhunzi wa Japani hakukunja chuma ili kipendeze. Feleji yake, tamahagane, hutoka katika tanuri la udongo linalolishwa makaa na mchanga wa chuma. Ikitoka huwa na taka ndani, na kaboni imejazana upande mmoja ikapungua mwingine. Kuikunja na kuigonga mara 10 hadi 15 hukamua zile taka na kusambaza kaboni. Mikunjo 10 ni matabaka 1,024; mikunjo 15 ni 32,768.

Sisi tutatumia springi ya lori, na hiyo ilishasafishwa kiwandani. Ukiikunja mara 15 utapoteza kaboni, chuma kingi kitaondoka kwa magamba yanayobanduka motoni, na kisu hakitakuwa na nguvu zaidi. Kwetu matabaka ni urembo. Uimara unatoka katika kuunga vizuri na kutosa vizuri, yaani kuzamisha kisu cha moto kwenye mafuta ili kikaze. Lenga matabaka 112, na uanze na kisu cha sentimita 15, si upanga. Japani kwenyewe mtu hujifunza kwa miaka isiyopungua 5 kabla ya kupewa leseni ya kufua panga.

Springi zilizovunjika hazikosekani katika gereji za malori kuelekea Salgaa. Chagua kipande kilichonyooka mbali na pale palipovunjika. Kipake mafuta ya taa, kipanguse kikauke, halafu kipake chaki: kama kuna ufa, mafuta yatatoka na kujichora kwenye chaki. Cha ufa kirudishe. Chuma cha pili ni msumeno mpana wa mashine za mbao, ule wa mkanda. Ulizia kwenye vinu vya Molo na Elburgon. Mingi ina nikeli kidogo, na nikeli ndiyo inayobaki nyeupe wakati springi inageuka nyeusi. Fuawe iwe kipande kizito cha ekseli. Reli usiiguse, hata ukiuziwa bei ya kutupa.

Kata vipande 4 vya springi, uvifue hadi unene wa milimita 4, na vipande 3 vya msumeno vya milimita 2. Vyote viwe sentimita 10 kwa 3. Sasa fanya kazi ambayo wengi huipuuza: sugua kila uso kwa grainda mpaka ung'ae wote, osha kwa sabuni, kausha, na usiushike tena kwa vidole. Doa la kutu lenye ukubwa wa punje ya mtama linatosha kuacha pengo ambalo utaliona siku ya mwisho. Vipange kwa zamu viwe bunda moja, springi ikiwa nje pande zote mbili, choma pembe kwa welda, kisha unga nondo ya sentimita 60 iwe mpini. Usitumie bomba lililopakwa zinki, moshi wake ni sumu.

Washa makaa ya mti mgumu yaliyovunjwa kama yai la kuku, na feni ipulize kutoka chini. Weka bunda katikati ya makaa, si mbele ya mdomo wa upepo, kwa kuwa hewa mpya hula chuma. Likiwa jekundu, nyunyiza boraksi, ile ya masonara. Itayeyuka kama asali na kuziba hewa. Rudisha, geuza kila mara, mpaka lifike rangi ya ndizi mbivu, karibu nyuzi 1,200 hadi 1,250, kisha lisubiri dakika 3 ndani ya rangi hiyo ili moyo nao upate joto. Fanya kazi kivulini. Juani rangi hudanganya. Cheche zikianza kuruka kama fataki, chuma kinaungua na hakiponi.

Pigo la kwanza liwe jepesi. Anzia katikati ukielekea ncha, ili boraksi itoke badala ya kufungiwa ndani. Itaruka, kwa hiyo vaa miwani na aproni ya ngozi. Rudia joto hilo mara 3 kabla ya kupiga kwa nguvu. Bunda likipoa, tazama ubavuni: mstari mweusi unaopoa haraka kuliko jirani zake ni mahali hapajashika. Mkato mmoja wa grainda mwishoni utakuonyesha ukweli.

Likishika, livute mpaka urefu mara mbili, sugua uso, kata katikati kwa patasi bila kumaliza, kunja, unga upya. Mikunjo 4: 14, 28, 56, 112.

Ukishaliumba kisu, acha makali yakiwa na unene wa milimita 2; membamba zaidi hupinda au kupasuka yakitoswa. Pasha mpaka sumaku isishike, acha kipoe hewani, mara 3. Halafu kipashe tena, kipite kidogo joto hilo, kisha kitose wima kwenye lita 4 za mafuta ya kupikia yaliyopashwa nyuzi 50, bila kukitikisa kando kando. Tupa ikiteleza juu ya makali kama juu ya kioo, kimekaza. Kabla saa moja haijaisha kiweke kwenye oveni kwa nyuzi 200, saa moja, mara mbili. Bila hivyo kitavunjika kikianguka sakafuni.

Wapo wanaotamani ule mstari wa mawimbi wa Kijapani, hamon. Hupatikana kwa kupaka mgongo udongo mzito na makali udongo mwembamba, kisha kutosa majini. Makali hukaza, mgongo hubaki laini. Springi haitakupa, kromi iliyomo huikaza hadi ndani. Jaribu kwa kufua kisu cha tupa kuukuu peke yake, na uzoee kusikia mlio wa kupasuka.

Piga msasa hadi namba 600, ondoa mafuta yote, tumbukiza kwenye siki ya moto kwa dakika 30 ili springi igeuke nyeusi na matabaka yaonekane. Suuza kwa maji yenye magadi, kausha hapo hapo, pangusa mafuta.