SOMO: SQL Server inagoma kusakinika? Soma logi kabla hujafuta chochote

Wakuu, somo hili ni la wanaosimamia seva za ofisi, hasa wanaosakinisha SQL Server, programu ya Microsoft ya kuhifadhi na kusimamia data, kwenye Windows. Nimeichagua kwa sababu mifumo mingi ya uhasibu, mauzo na stoo inaiegemea, na ikigoma kazi zote husimama.

Niliwahi kukesha kwa mteja nikisakinisha, nikifuta, nikisakinisha tena. Mara nne. Kila mara ule mstari wa kijani ulikaribia mwisho, kisha alama nyekundu zikatokea. Kulipokucha ndipo nikafungua logi (faili ambamo programu huandika inachofanya), na jibu lilikuwa humo tangu jaribio la kwanza. Kibaya zaidi, kule kufuta-futa kuliacha mabaki yaliyozaa makosa mapya yasiyohusiana na tatizo nililoanza nalo. Sasa siondoi hata faili moja kabla sijasoma logi.

Hatua ya 1: Andika namba ya kosa

Usikimbilie kufunga dirisha. Lipige picha, au nakili namba na maneno yote jinsi yalivyo. Namba huwa hazina uzito sawa. 1603 inakwambia tu kwamba usakinishaji umefeli. Ukiitafuta intaneti utapata dawa mia zinazopingana. 1618 ina maana usakinishaji mwingine unaendelea kwenye mashine hiyo hiyo, mara nyingi ni masasisho ya Windows, kwa hiyo subiri yamalize. 3010 wala si kosa: kazi imekamilika, mashine inaomba kuwashwa upya. 0x80070005 ni kunyimwa ruhusa, na hapo unajua uanzie kwenye akaunti na haki za folda.

Hatua ya 2: Fungua logi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, tusiparuke.

Kwa toleo la 2022 nenda hapa:

C:\Program Files\Microsoft SQL Server\160\Setup Bootstrap\Log

Toleo la 2019 lina 150 badala ya 160. Utakuta faili la Summary.txt, ambalo ni muhtasari wa jaribio la mwisho, pamoja na folda zilizopewa majina ya tarehe na saa, folda moja kwa kila jaribio. Anza na Summary. Litakuonyesha kipengele kipi kimefeli na kipi kimepita. Mara nyingi utakuta ni injini ya hifadhidata peke yake iliyokwama.

Kisha ingia kwenye folda ya jaribio husika, fungua Detail.txt. Ni faili refu, usilisome lote. Tafuta neno "error" au "exception" ukianzia juu. Narudia, ukianzia juu, kwa sababu kosa la kwanza ndilo mzazi na yanayofuata ni watoto wake. Wengi husoma mistari ya mwisho, wakahangaika na watoto huku mzazi yuko palepale.

Kama Summary inalitaja faili la logi la kipengele fulani, lifungue na utafute "Return value 3". Hapo ndipo Windows Installer, kisakinishi cha Windows, ilipokata tamaa. Soma mistari kama ishirini juu ya hapo. Sababu huwa karibu sana. Njia hii inafaa kwa programu yoyote inayosakinishwa kwa faili la MSI (kifurushi cha kisakinishi hicho), kwa hiyo ukiizoea utaitumia kwingi.

Hatua ya 3: Linganisha na visababishi vya kila siku

Mashine inadai kuwashwa upya. Ukaguzi wa mwanzo unakukatalia hata kama umeshawasha upya. Angalia kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager, thamani ya PendingFileRenameOperations. Kama kuna kitu humo kila baada ya kuwasha, kuna programu inayokirudisha. Itafute hiyo programu kwanza. Kufuta thamani hiyo kwa mkono bila kujua ni ya nani sikushauri.

Akaunti haina haki zote. Kuwa msimamizi wa mashine hakutoshi kila mara. Usakinishaji unahitaji haki tatu: SeDebugPrivilege, SeBackupPrivilege na SeSecurityPrivilege. Kwenye ofisi zenye sera kali za usalama, ile ya kwanza huondolewa hata kwa wasimamizi. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika whoami /priv, uzitafute kwenye orodha. Ikikosekana, zungumza na mwenye dhamana ya sera, urudishiwe, utoke kwenye akaunti na kuingia tena.

Folda imebanwa. SQL Server haikubali kukaa kwenye diski au folda iliyobanwa ili kuokoa nafasi. Ondoa mbano, endelea.

Faili la usakinishaji lina hitilafu. Linganisha alama yake ya utambulisho (hash) kwa amri ya PowerShell ya Get-FileHash kama mtoaji ameitangaza, na sakinisha kutoka diski ya mashine yenyewe, usitegemee folda iliyo kwenye mashine nyingine ya mtandao.

Hatua ya 4: Ondoa mabaki, kisha rudia

Sababu ikishajulikana na kurekebishwa, ondoa instansi iliyofeli (yaani ile nakala ya SQL Server uliyokuwa unaisakinisha) kupitia orodha ya programu za Windows. Hakikisha kwa setup.exe /Action=RunDiscovery, itakupa ripoti ya kilichobaki. Kama seva ina instansi nyingine inayofanya kazi, chukua bakapu za hifadhidata zake kabla ya yote, na uzitoe nje ya mashine hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Mimi inafika mwisho kabisa halafu inasema "Wait on the Database Engine recovery handle failed". Mashine ni mpya, Windows 11. Nimerudia mara tatu.

Jibu: Pole, ndugu. Ujumbe huo unasema tu kwamba injini imesakinishwa lakini imeshindwa kuwaka. Kwenye mashine mpya zenye diski za NVMe (aina ya SSD za kasi) mtuhumiwa wangu wa kwanza ni ukubwa wa sekta, vile vipande vidogo ambavyo diski husoma na kuandika, kwa baiti. Andika fsutil fsinfo sectorinfo C: kisha soma mistari inayoanza na PhysicalBytesPerSector. SQL Server inakubali 512 na 4096. Ukiona zaidi ya hapo, kama 8192 au 16384, umeshampata. Kwenye rejista, HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\stornvme\Parameters\Device, weka thamani ya aina ya REG_MULTI_SZ iitwayo ForcedPhysicalSectorSizeInBytes, ndani yake uandike * 4095. Washa upya, ondoa instansi iliyofeli, usakinishe tena. Kama sekta ziko sawa, fungua faili la ERRORLOG kwenye folda ya Log ya instansi hiyo, utuletee mistari ya mwisho kabla haijazima.

Swali: Habari mkuu. Diski ilijaa, nikafuta vilivyomo kwenye C:\Windows\Installer. Sasa kila sasisho la SQL Server linafeli, naona 1612.

Jibu: Folda hiyo si takataka, dada. Windows huhifadhi humo nakala za MSI inazohitaji wakati wa kusasisha, kukarabati au kuondoa programu. Tafuta faili la usakinishaji la toleo lile lile ulilosakinisha mwanzo, kisha endesha setup.exe /ACTION=REPAIR ukitaja jina la instansi. Hilo hurudisha nakala za msingi. Kama ulishaweka masasisho, huenda ukahitaji na mafaili yake. Bakapu kwanza.

Swali: Mimi natumia Linux. Kifurushi kimeingia vizuri ila huduma haiwaki. Seva ni ya mtandaoni, ina RAM ya GB 1.

Jibu: Jibu umelitaja mwenyewe. SQL Server ya Linux inataka angalau GB 2, chini ya hapo inakataa kuwaka. Endesha journalctl -u mssql-server uthibitishe, kisha ongeza RAM.

Swali: Imesakinika salama, ila kompyuta nyingine za ofisi haziioni.

Jibu: Hapo usakinishaji umekwisha, limebaki suala la mtandao. Fungua SQL Server Configuration Manager, washa TCP/IP, uanzishe huduma upya. Kisha ruhusu poti ya TCP 1433 kwenye ukuta wa usalama wa seva, kwa kompyuta za ofisi pekee. Kama instansi ina jina lake, washa pia huduma ya SQL Server Browser na uruhusu UDP 1434, na uangalie kwenye TCP/IP inatumia poti gani, kwa kuwa huenda si 1433.